Viziwi Katika Ibada Zetu: Majibu kwa Wasomaji

Kila Septemba, dunia inapoadhimisha Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama tarehe 23, safu hii hupokea barua nyingi kuhusu viziwi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Safari hii zilizonigusa zaidi ni zile zinazohusu ibada, makanisani na misikitini hapa Dar es Salaam. Nimechagua tano. Majina ya walioandika nimeyahifadhi, na pale barua ilipotaja usharika, parokia au msikiti, nimeliondoa jina hilo ili tuzungumze jambo lenyewe.

Swali: Ndugu mwandishi, mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kimara. Baadhi ya wazee wetu walilalamika kwamba hawasikii mahubiri, nasi tukachanga tukanunua spika kubwa zaidi. Malalamiko hayakwisha, na sasa wengine wanasema sauti inawaumiza. Wapo pia vijana viziwi wanne ambao hukaa benchi la nyuma na mara nyingi huondoka kabla mahubiri hayajaisha. Baraza la wazee limetenga fedha kidogo. Tununue nini?
Mzee wa Kanisa, Kimara

Jibu: Mzee wangu, pokea heshima zangu. Kabla hamjanunua chochote, naomba baraza lenu likubali kwamba lina makundi mawili mbele yake, na kwamba kinachowafaa hawa hakiwafai wale. Wazee wanaolalamika ni watu waliokua wakisikia. Lugha yao ni Kiswahili cha kusemwa, ila usikivu wao umepungua. Vijana wa benchi la nyuma, kwa jinsi ulivyowaeleza, yaelekea ni viziwi tangu utotoni, na lugha wanayoitumia kufikiri na kuzungumza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye sarufi yake yenyewe na mpangilio wa maneno usiofuata Kiswahili. Spika, hata iwe kubwa namna gani, haiwafikishii vijana hao neno hata moja.

Tuanze na wazee. Usikivu unaopungua kwa umri huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, na katika maneno tunayosema sauti hizo nyembamba ndizo konsonanti kama s, f, t na k. Irabu, ambazo mlio wake ni mnene na wenye nguvu, huendelea kusikika. Ndiyo maana mzee atakuambia, "Namsikia anaongea, ila sielewi anasema nini," na watu humdhania kuwa hasikilizi. Maneno kama sifa, sita na shida humfikia yakiwa yamebaki irabu tupu, hivyo inambidi akisie kila sentensi huku mhubiri ameshafika kwenye sentensi nyingine. Mnapoongeza nguvu ya spika, mnaongeza irabu zilezile ambazo alikwisha kuzisikia, pamoja na mwangwi wa ukuta na muungurumo wa mitambo. Ni sawa na kumulika kwa tochi kali karatasi iliyoloa maji na wino wake ukasambaa: mwanga unaongezeka, lakini herufi hazirudi. Tena, uwezo wa sikio lililodhoofika kuvumilia sauti kali mara nyingi ni mdogo kuliko wa sikio zima, kwa hiyo mtu yuleyule asiyesikia sauti ya chini ndiye anayeumizwa na sauti ya juu. Wazee wenu wanawaambia ukweli katika malalamiko yote mawili.

Lipo pia jambo la usalama wa wale ambao bado wanasikia vizuri. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki na mikusanyiko, unaotaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Makanisa yetu ni kumbi za muziki pia, hasa siku za kwaya na mikesha, na watoto wa shule ya Jumapili mara nyingi huketishwa mbele kabisa, karibu na spika. Fundi wenu wa mitambo anaweza kukadiria kiwango hicho kwa programu ya simu, ingawa simu si kipimo cha uhakika kamili. Kama usomaji unakaribia hapo, punguzeni, na watoto wasogezwe.

Mengi yatakayowasaidia wazee hayahitaji kununuliwa. Mhubiri akishikilie kipaza sauti karibu na kinywa, asiwe anakisogeza huku na huko, na asizibe midomo yake kwacho, kwa sababu mwenye usikivu hafifu husoma midomo hata kama mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo. Mwanga umwangukie usoni. Asisimame mbele ya dirisha lenye jua, maana hapo uso wake hugeuka kivuli. Pangaboi lililo juu ya mabenchi ya wazee lipunguzwe kasi wakati wa mahubiri, na jenereta lisiwe dirishani. Najua joto la Dar es Salaam halina mchezo na pangaboi haliwezi kuzimwa kila mahali, lakini shimesikio, yaani kile kifaa kinachovaliwa sikioni, hukuza mlio wa pangaboi sawasawa na linavyokuza sauti ya mchungaji, na mvaaji hana namna ya kuchagua. Mapazia mazito na mikeka hupunguza mwangwi katika ukumbi wenye sakafu ya vigae na kuta tupu. Namba za nyimbo na masomo ziandikwe ubaoni kwa herufi kubwa. Mchungaji akiwa tayari kutoa ukurasa mmoja wenye mafungu na hoja kuu za mahubiri yake, mzee anayejua kinachozungumzwa husikia zaidi kuliko asiyejua, kwa sababu akili hujaza pengo ambalo sikio limeliacha.

Kama kuna wazee kadhaa wanaotumia mashimesikio, fedha zenu zinaweza kwenda kwenye waya unaozungushwa pembezoni mwa ukumbi na kuunganishwa na amplifaya maalumu. Waya huo hutengeneza uga wa sumaku unaobeba sauti ya kipaza sauti, na mashimesikio mengi yana koili ndogo ndani yake ambayo huupokea uga huo moja kwa moja mvaaji anapokiweka kifaa chake katika alama ya T. Sauti ya mhubiri humfikia bila mwangwi, bila pangaboi, bila minong'ono ya jirani. Lakini lazima muulize kwanza kama mashimesikio ya wazee wenu yana koili hiyo, kwani si yote yanayo, na fundi apime ukumbi kabla ya kufunga, maana nondo za zege na nyaya za umeme huweza kuharibu kazi. Wazee ambao hawajawahi kupimwa washaurini waende kliniki ya masikio. Wengine hugundulika kuwa na nta iliyoziba au ugonjwa unaotibika.

Sasa vijana. Kwao ninyi mnahitaji mkalimani wa lugha ya alama, lakini hata kabla ya mkalimani mnahitaji kikao nao. Mualikeni mkalimani siku moja, kaeni na hao wanne, muwaulize wanachokitaka na wanachokosa. Sijui watawajibu nini, nanyi hamjui, na hapo ndipo makanisa mengi hukosea: huamua kwa niaba ya kiziwi, kisha hushangaa kwa nini haji. Huenda wakaomba mkalimani kila Jumapili. Huenda wakasema wangependa ibada yao wenyewe mara moja kwa mwezi inayoongozwa kwa alama tangu mwanzo hadi mwisho. Huenda mmoja wao anataka kujiunga na umoja wa vijana na hakuna aliyewahi kumwandikia ujumbe wa mkutano. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinaweza kuwaelekeza kwa wakalimani na walimu wa lugha ya alama.

Msije mkafikiri kwamba maandishi ya projekta yanatosha badala ya mkalimani. Yanawafaa sana wazee. Lakini kwa kiziwi aliyekua na lugha ya alama, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, na wengi walifundishwa lugha hiyo katika mazingira magumu. Mpeni vyote viwili.

Swali: Shikamoo. Nina mtoto wa miaka 13 ambaye ni kiziwi na anasoma shule ya bweni ya viziwi. Akiwa likizo tunakwenda naye misa hapa Mbagala. Wenzake wamepata komunyo ya kwanza lakini katekista wetu anasema mtoto hawezi kwa sababu hawezi kukariri sala, na zaidi ya hapo hawezi kuungama. Nimeumia sana. Je, ni kweli Kanisa linamkataa?
Mama, Mbagala

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole. Hapana, Kanisa halimkatai, na nakuomba uende kwa paroko mwenyewe ukiwa na moyo wa amani, kwa kuwa sheria ya Kanisa iko upande wa mwanao.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 913, inataka watoto wanaokaribia Ekaristi wawe na ufahamu wa kutosha na maandalizi mazuri, ili walielewe fumbo la Kristo kwa kadiri ya uwezo wao. Kinachotakiwa ni kuelewa. Kukariri kwa sauti ni njia moja tu ya mtoto kuonyesha kwamba ameelewa, na mtoto wako ana njia nyingine: anaweza kuisali Baba Yetu kwa alama, tena kwa ufasaha ambao katekista hataweza kuupima mpaka awepo mtu anayeijua lugha hiyo. Kwa hiyo ombi lako kwa paroko liwe la wazi: mtoto aandaliwe na kuulizwa maswali kwa lugha ya alama, kwa msaada wa mkalimani au mwalimu kutoka shuleni kwake.

Kuhusu kitubio, kanuni ya 990 inasema hakuna anayekatazwa kuungama kwa njia ya mkalimani, ilimradi pasiwe na matumizi mabaya wala kashfa, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Hata hivyo, mimi nisingependa mtoto wa miaka 13 alazimike kumweleza padre dhambi zake kupitia mtu wa tatu kama ipo njia nyingine. Aandike kwenye karatasi, padre asome, ajibu kwa maandishi mafupi, kisha karatasi ichanwe au ichomwe mbele ya macho ya mtoto, ili naye aione siri yake ikiondoka. Padre akijifunza alama chache za maondoleo na kuzionyesha akimtazama mtoto usoni, amemfanyia jambo kubwa. Hata ndoa, siku zake zikifika, hazimo katika mashaka: kanuni ya 1104 inawaruhusu wasioweza kusema watoe ridhaa yao kwa ishara zenye maana sawa na maneno.

Umwambie katekista pia, kwa upole, kwamba Kanisa Katoliki ndilo lililoanzisha shule ya kwanza ya viziwi nchini mwetu, kule Tabora, mwaka 1963. Si jambo geni wala si upendeleo anaoombwa. Pengine anachokosa ni mafunzo tu, na hakuna aliyewahi kumpa.

Nina neno moja kwako pia, nalo nakuambia kwa sababu nampenda mwanao bila kumfahamu. Walio wengi kati ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na mtoto anaporudi nyumbani kutoka bweni, lugha yake huwa imebaki shuleni. Chakula kinaliwa, habari zinasimuliwa, sala ya jioni inasaliwa, naye ameketi katikati bila kuambulia kitu. Jifunze lugha yake. Anza na alama za sala mnayosali kila usiku, na mwanao awe mwalimu wako.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa msikiti mmoja Temeke. Tunao ndugu zetu viziwi, wanaume na wanawake, wanaohudhuria Ijumaa. Wanakaa khutba nzima bila kufahamu kinachosemwa. Tumepata kijana anayejua lugha ya alama, lakini mwanakamati mmoja anahofu kwamba atawashughulisha wasikilizaji, na huenda ikahesabiwa kuwa ni maongezi wakati wa khutba. Tufanye nini?
Katibu, Temeke

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullah, ndugu katibu. Suala la hukumu lipelekeni kwa imamu wenu na masheikh mnaowaamini. Mimi si mufti na sitavaa kilemba kisicho changu. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba khutba ya Ijumaa katika Masjid al-Haram, Makka, hufasiriwa kwa lugha ya alama, na kwamba wanachuoni wa fiqhi tangu zamani wamekubali ishara inayoeleweka ya mtu asiyeweza kusema kuwa inasimama mahali pa matamshi yake, hata katika mikataba. Kijana wenu haongei na jirani yake. Anaifikisha khutba kwa watu waliokuja kuisikiliza.

Hofu ya kuwashughulisha watu hutatuliwa kwa mahali pa kusimama. Asisimame nyuma ya khatibu wala mbele yake, bali pembeni ya mimbari, hatua chache, upande mmoja unaojulikana kila Ijumaa, nao viziwi wakae safu za mwanzo upande huohuo, ili kwa mtazamo mmoja wamwone mkalimani na khatibu pia. Avae kanzu au shati la rangi moja inayotofautiana na rangi ya ngozi ya mikono yake, na nyuma yake pawe na ukuta mtupu, kwa maana mapambo na maandishi mengi nyuma ya mikono huchosha macho ya anayetazama kwa nusu saa. Iqama ikisomwa aingie safuni kama wengine. Khatibu akimpa muhtasari Alhamisi, pamoja na aya na hadithi atakazozitaja, kazi itakuwa nyepesi na sahihi zaidi.

Katika sala yenyewe kiziwi mwanamume hana shida kubwa, kwa kuwa anaona. Asiyeona ni dada yetu. Mahali pa wanawake, penye pazia, ukuta au ghorofa ya juu, wanamfuata imamu kwa spika, na kiziwi hawezi kuifuata spika. Asipangwe safu ya kwanza, ambako hakuna wa kumtazama. Akiwa safu ya pili atawaona walio mbele yake wakirukuu na kusujudu. Kwa khutba, kamera ndogo imwonyeshe mkalimani kwenye televisheni upande wa wanawake, au bora zaidi apatikane mkalimani mwanamke anayesikiliza spika na kufasiri hukohuko. Nimeandika habari hii kwa urefu kwa sababu misikiti inayoanza jambo hili jema mara nyingi huanza na kuishia upande wa wanaume.

Matangazo ya mwezi kuandama, muda wa tarawehe na misiba nayo yaandikwe na kutumwa kwa simu. Kiziwi aliyefika kuzika baada ya wenzake kutawanyika haisahau siku hiyo.

Swali: Shikamoo mwandishi. Mimi ni binti wa miaka 24, nafanya ukalimani wa lugha ya alama kanisani kwetu Sinza kwa kujitolea. Ibada zetu huchukua saa tatu na niko peke yangu. Mikono na kichwa vinauma. Mchungaji hanipi chochote mapema, na wakati wa maombi watu wote huomba kwa sauti pamoja, nami sijui nifasiri nini. Naona aibu kulalamika kwa sababu ni kazi ya Mungu.
Mkalimani, Sinza

Jibu: Marahaba binti yangu. Usione aibu. Mkalimani aliyechoka huanza kuacha maneno bila kujua, na anayepoteza ni kiziwi aliye mbele yake, kwa hiyo ukidai mapumziko unamtetea yeye.

Wakalimani wa kazi hii duniani kote hufanya kazi wawili wawili na kupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, na yule aliyepumzika humsaidia mwenzake kwa kumkumbusha jina au namba iliyompita. Saa tatu peke yako haziwezekani. Mpaka mwenzako apatikane, kaa na mchungaji mkubaliane ni sehemu zipi utafasiri kikamilifu na wapi utakaa chini. Kwaya inapoimba wimbo wa tatu mfululizo, kwa mfano, unaweza kutoa maana ya wimbo kwa ufupi kisha upumzishe mikono, badala ya kufasiri kila kiitikio mara sita. Waulize viziwi wenyewe kama wanaafiki.

Maandishi ya mapema ni haki yako ya kikazi. Tafsiri ya Biblia nzima katika Lugha ya Alama ya Marekani, ambayo ina watumiaji wengi na taasisi nyingi, ilikamilika mwaka 2020 baada ya miongo ya kazi ya watafsiri viziwi wakibishana juu ya kila mstari. Wewe unatakiwa kufasiri sura ya Isaya papo hapo, umesimama, kwa kasi ya msomaji anayetaka kumaliza. Mwombe mchungaji masomo na nyimbo kufikia Ijumaa, na jioni moja ukae na mmoja wa viziwi mpitie vifungu vigumu pamoja. Alama za neema, roho na ukombozi atazichagua yeye kuliko wewe, kwa sababu lugha ni yake.

Maombi ya sauti za pamoja hayafasiriki, na hakuna mkalimani duniani anayeweza kufasiri sauti mia mbili. Waambie viziwi wako kinachoendelea, kwamba kila mtu anaomba lake, kisha waombe na wao kwa mikono yao, nawe uombe. Kiongozi mmoja akishika kipaza sauti, rudi kazini. Mkumbushe mchungaji kwamba anaposema "tufumbe macho tuombe," kiziwi akifumba macho ameshafungiwa nje ya sala. Aseme "tuombe," inatosha. Na mkesha wa Pasaka au wa mwaka mpya, taa zinapozimwa na kubaki mishumaa, taa moja ibaki ikikumulika wewe.

Kuhusu posho, ikiwa mpiga kinanda na fundi wa mitambo wanapewa nauli, nawe upewe. Liseme hilo mbele ya kamati kwa adabu, mara moja, bila kuomba radhi.

Swali: Mimi ni kiziwi. Naishi Buguruni. Kila nikienda kanisani watu wananizunguka wananiombea nisikie. Wananishika masikio. Nimewaandikia kwamba mimi niko sawa, nataka tu kujua mahubiri. Wanasema sina imani. Nimeacha kwenda. Je, nimefanya dhambi?
Msomaji, Buguruni

Jibu: Ndugu yangu, dhambi hiyo siioni kwako. Uliomba kufundishwa Neno ukapewa kitu kingine, tena mbele ya watu, tena kwa kuguswa mwili bila ridhaa yako. Viongozi wa kanisa hilo wanapaswa kukuomba msamaha.

Wengi wa wanaofanya hivyo hutaja habari ya kiziwi katika Injili ya Marko, sura ya 7. Nawaomba waisome tena polepole. Jambo la kwanza alilofanya Yesu lilikuwa kumtenga mtu yule na umati, faraghani. Akamgusa masikio na ulimi, akatazama juu mbinguni, akaugua. Yote hayo ni mambo ambayo kiziwi anayaona na kuyahisi, na aliyafanya kabla hajatamka neno. Alizungumza naye kwanza kwa njia ambayo mtu huyo aliielewa. Umati uliokuzunguka wewe, ukakuwekea mikono ukipiga kelele usizozisikia, haukufuata mfano huo hata kidogo. Na torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 19, inakataza kumlaani kiziwi. Kumwambia mtu mbele ya watu kwamba uziwi wake ni kosa la imani yake kuna umbali gani na kumlaani?

Mtu akitaka kuombewa uponyaji, ni haki yake, na wapo viziwi wanaotaka. Mtu akitaka kwenda Muhimbili, ambako upandikizaji wa vifaa vya kusikilizia ulianza mwaka 2017, nayo ni haki yake na ya familia yake. Lakini asiyeomba asilazimishwe. Aliyeeneza Injili na elimu kwa viziwi wa Afrika kuliko mtu mwingine yeyote ninayemjua, Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alikuwa kiziwi mwenyewe na alibaki kiziwi hadi mwisho. Alifungua shule yake ya kwanza Accra mwaka 1957, na kufikia kifo chake katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 barani humu. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mtu huyo hakuwa na imani.

Usirudi peke yako mahali palipokuumiza. Tafuta viziwi wenzako wanaoabudu. Buguruni pana shule ya viziwi tangu mwaka 1974, na waliosoma hapo wanajuana na wanajua ni makanisa gani ya jiji yana mkalimani. Ukipata mahali panapokufaa, nenda ukamwone kiongozi na umwombe nafasi ya kuhudumu pamoja na nafasi ya kukaa. Sema unataka kusoma somo Jumapili moja. Utasimama mbele na kulisoma kwa lugha ya alama, mkalimani atakaa benchi la mbele akikutazama, ameshika kipaza sauti, na atawasomea wanaosikia kwa sauti. Mfanye mazoezi mara mbili kabla ya siku hiyo, mkubaliane mahali pa kutua, ili yeye asikutangulie.